Jalada la Derrick

FUNDI WA TELEVISHENI: Mnajadili kama Derrick anastahili kukumbukwa, wakati huku kwetu ameshakumbukwa zamani. Panda Marangu, nenda Rombo, uliza watu wa rika langu polisi wa kwanza waliyemwona kwenye televisheni ni nani. Watakutajia yule Mjerumani mrefu mwenye koti, mifuko imejaa chini ya macho kama mtu ambaye hajalala siku mbili. Bara hatukuwa na kituo hata kimoja mpaka 1994. Zanzibar walianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa rangi, lakini mawimbi ya Unguja hayapandi mlimani. Sisi tuliishi kwa mawimbi ya Kenya, VoK, ambayo mwaka 1989 ikawa KBC. Kazi yangu ilikuwa kufunga antena kwenye mgrivea. Kijana yuko juu ya mti anazungusha, mwenye nyumba yuko dirishani anapiga kelele: "Hapo hapo! Aa, umepitiliza, rudi kidogo!" Chenga zikitulia, Derrick anatokea. Seti inakula betri ya gari, sebule imejaa, waliokosa nafasi wanachungulia dirishani na migongo yao inalowa umande. Mtu aliyekusanya watu namna hiyo, mnataka mkutano gani zaidi wa kumpa heshima?

MWANDISHI WA TAMTHILIA: Fundi, shikamoo, na antena zako nazishukuru, baba yangu alikua chini ya mojawapo. Ila ulichosimulia ni historia ya njaa. Mkosa titi la mama hata la mbwa huamwa. Kituo kimoja, seti moja, kitongoji kizima: chochote ambacho kingetokea pale kingependwa. Mimi napima kazi yenyewe. Kipindi cha kwanza kilirushwa na kituo cha Kijerumani cha ZDF tarehe 20 Oktoba 1974, cha mwisho Oktoba 1998. Vipindi 281, vyote kwa kalamu ya mtu mmoja, Herbert Reinecker. Katika miaka hiyo yote 24 Derrick haoi, hafilisiki, hachanganyikiwi. Harry Klein anaanza akiwa msaidizi, anamaliza akiwa msaidizi. Maiti zinaokotwa kwenye majumba ya wenye fedha mpaka utadhani Munich haina mtaa wa maskini. Umberto Eco, yule mwanazuoni wa Italia, alipomwandikia Derrick insha alisema watu wanampenda kwa sababu ni wa kawaida mno. Sasa mtu wa kawaida mno tumweke wapi katika historia? Historia ni ya waliobadilisha kitu. Dragnet ya Jack Webb ilipoingia kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1951 ilionyesha kazi ya polisi kuwa ni karatasi, tarehe na kugonga milango. Dixon of Dock Green, Uingereza, 1955, ikamleta askari anayewajua watu wa mtaa wake kwa majina. Columbo ikageuza kitendawili: muuaji unamjua mwanzo, unangoja kuona atakamatwaje. Derrick amebadilisha nini?

ASKARI MSTAAFU: Marahaba hiyo ya fundi niigawane naye, binti yangu, kisha nikujibu. Umetaja makosa ya Derrick, na mimi nimeyasikia kama sifa. Nimefundisha upelelezi miaka mingi katika mji huu wa Moshi, mji ambao kila mwaka unapokea vijana kutoka mikoa yote waje kuwa polisi. Kijana anakuja akiwa ameshaona filamu mia. Anadhani upelelezi ni bastola na gari linaloruka tuta. Unachukua muda kumtoa hapo. Derrick bastola hutaiona mara nyingi. Anaingia nyumbani kwa mfiwa, anasimama, wala hakimbilii kiti. Anauliza swali dogo, halafu ananyamaza. Ule unyamavu ndio kazi! Mtu mwenye siri hawezi kuvumilia kimya, ataanza kupanga vikombe, atakuuliza kama unataka chai, na mwisho ataongea jambo ambalo hukumuuliza. Hapa kwetu sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inakupa saa 4 za msingi za kumhoji mtu uliyemkamata. Saa 4 ni nyingi kwa anayejua kusikiliza, ni chache kwa anayejua kugombeza tu. Nilikuwa nawaambia wanafunzi: ukipiga, umeshakiri kwamba umeshindwa kuuliza. Hilo sikulitoa kwenye kitabu cha Kiingereza. Nililiona kwa yule Mjerumani, kwenye seti ya chenga, mimi nikiwa konstebo.

MWANDISHI WA TAMTHILIA: Afande, hapo kwenye unyamavu nakubali. Lakini tamthilia yenye heshima kwa kazi yako ingemwambia mtazamaji ukweli mwingine. Derrick anafunga kesi kwa saa moja. Nenda mahakamani hapa mjini asubuhi yoyote, utasikia sentensi moja inarudiwa mpaka ukutani: upelelezi haujakamilika. Mtu yuko mahabusu, mama yake amepanda daladala ya alfajiri kutoka Kibosho, amefunga ndizi kwenye mfuko akidhani leo mwanawe atatoka, na kesi inaahirishwa siku 14. Kisha siku 14 nyingine. Mwaka 1981 Hill Street Blues ilithubutu kugusa maisha ya namna hiyo. Kesi tano zinaenda pamoja, nyingine hazifungwi, askari mmoja anapambana na pombe, mwingine na ndoa, kamera inatikisika katikati ya watu wanaosemeshana kwa pamoja. Watazamaji mwanzoni walikuwa wachache, na bado msimu wa kwanza ulizoa tuzo 8 za Emmy. Kila tamthilia ya polisi unayoiona leo, ikiwemo Crime and Justice iliyotoka Nairobi mwaka 2021, pale Sarah Hassan na Alfred Munyua wanapobeba visa vinavyofanana na habari za magazeti ya Kenya, inadaiwa na Hill Street. Hakuna inayodaiwa na Derrick.

FUNDI WA TELEVISHENI: Hill Street yako ingetufia mikononi. Watu watano wanaongea Kiingereza kwa mpigo mmoja, nani angemtafsiria bibi? Derrick nayo ilikuja kwa Kiingereza, imebandikwa sauti, midomo inasema hiki sauti inasema kile. Lakini watu walikuwa wanaongea mmoja mmoja, polepole. Palikuwa na kijana wa sekondari, kazi yake kukaa kwenye mkeka karibu na seti na kugeuza kila neno kuwa Kichaga. Wakati mwingine anaongeza yake. Kuna bibi alikuwa hakosi hata siku moja, na kila mara muuaji akishaonyeshwa mapema anakasirika: "Si yule pale? Mbona hamshiki?" Sebule nzima inamjibu: "Bibi, hana ushahidi bado!" Bibi ananuna, lakini wiki inayofuata yupo. Mimi nasema yule bibi alijifunza neno ushahidi mbele ya ile seti, na sisi pamoja naye. Tulikuwa tunatoka kwenye dunia ambayo mtu akisemwa mwizi anamaliziwa palepale njiani. Hilo si badiliko?

ASKARI MSTAAFU: Ni badiliko kubwa. Andika hilo, binti yangu.

MWALIMU WA HISTORIA: Nimewaacha mseme, maana mnasema kwa upendo, na mimi pia nilikuwa kwenye moja ya sebule hizo. Lakini jalada hili lina ukurasa ambao nyote mmeuruka. Mwaka 2013, zaidi ya miaka minne baada ya Horst Tappert kufa, zilipatikana nyaraka zinazoonyesha kwamba mwaka 1943 mtu huyo aliyecheza Derrick aliorodheshwa katika Waffen-SS, jeshi la chama cha Hitler, kwenye kikosi cha divisheni ya Totenkopf, upande wa vita dhidi ya Wasovieti. Totenkopf ni fuvu la kichwa, na ndiyo alama waliyovaa. Maishani mwake alieleza kwamba alikuwa mhudumu wa tiba vitani na akashikwa mateka. SS hakuitaja. ZDF ikatangaza haitarudia tena vipindi vyake. Kwa hiyo swali letu limebadilika, wapendwa. Tunamkumbuka mpelelezi aliyewadai watu ukweli kwa miaka 24, na chini ya koti lake alikuwa na ukweli wake alioukalia. Nitamwambiaje mwanafunzi wangu ampe heshima?

ASKARI MSTAAFU: Mwalimu, mimi ni mtu wa ushahidi, na utanivumilia. Tappert alizaliwa Mei 1923. Machi 1943 alikuwa hajatimiza miaka 20. Nyaraka zinasema alikuwemo. Je, zinasema alifanya nini? Zinasema aliingia kwa hiari au alisukumwa? Kuwamo kwenye orodha ni jambo la kuchunguzwa, si hukumu. Nimeona vijana wa umri huo wakitiwa hatiani kwa sababu ya gari walilopanda. Isitoshe, Derrick si Tappert. Derrick ni mtu wa kwenye karatasi. Ukimfukuza mtu wa kwenye karatasi kwa dhambi za aliyevaa koti lake, umemwadhibu asiyekuwepo.

MWALIMU WA HISTORIA: Sijamhukumu kwa alichokifanya akiwa na miaka 19. Namshitaki kwa miaka 60 na zaidi iliyofuata. Afande, wewe ni mtu wa mlimani. Jani la sale unalijua kuliko mimi. Ndilo mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, ndilo linalosimama kaburini, na ndilo analoshika mtu aliyekosa anapokwenda kwa aliyemkosea. Ukiletewa sale huwezi kukataa kusamehe, hata kama moyo unawaka. Wazee walituwekea dawa hiyo kwa sababu tunaishi kihamba kwa kihamba, hakuna pa kukimbilia. Lakini sale haliji lenyewe. Analileta mkosaji, kwa mkono wake, huku akitaja kosa. Umewahi kusikia sale limeletwa na mtazamaji aliyempenda mkosaji kwenye televisheni? Tappert alikuwa na kituo kizima, Ijumaa usiku, nchi zaidi ya 100 zinamtazama. Angeweza kulileta siku yoyote. Alikufa Desemba 2008 hajalileta.

FUNDI WA TELEVISHENI: Hapo mwalimu umenikaba. Nilipolisikia jambo hilo niliwaza yule bibi, aliyekuwa anamwombea Derrick asipigwe risasi. Kama angekuwa hai, ningemwambia? Sidhani kama ningeweza kunyamaza.

MWANDISHI WA TAMTHILIA: Mnaongea juu ya mchezaji, na mimi nataka niwarudishe kwa aliyeandika. Reinecker historia yake haikuhitaji kufukuliwa mwaka 2013. Ilijulikana: wakati wa Hitler alihariri magazeti ya vijana wa chama na akawa mwandishi wa habari za vita katika kikosi cha propaganda cha Waffen-SS. Mtu huyo ndiye aliyekaa akaandika hadithi 281 kuhusu hatia. Zitazame upya mkijua hivyo. Kipindi cha kwanza kabisa, muuaji ni mwalimu, mtu mwenye heshima zake, na sisi tunamjua mapema. Kinachotukalisha ni namna mtu mstaarabu anavyoweza kula, kufundisha na kusalimia majirani akiwa na mauti mikononi. Derrick anawauliza mliwezaje kuishi na jambo hili, tena na tena, kwa waongo wa kila aina: madaktari, wafanyabiashara, baba wa familia. Reinecker alijua jibu kutoka ndani, na akalizunguka miaka 24 bila kuligusa. Nilikuja hapa kusema tamthilia hii haina nafasi. Sasa nasema ina nafasi, ila si ile mnayotaka kuipa. Ni ungamo ambalo halikumalizika.

ASKARI MSTAAFU: Basi kama ni ungamo, ni kielelezo. Na kielelezo hakichomwi, kinapewa namba na kinatunzwa kwa ajili ya kesi. Kituo kilichosema hakitarudia vipindi kimefanya kosa ambalo ningemrudisha nalo mwanafunzi darasani. Wangevirusha, na kabla ya kila kipindi wakasema mtazamaji, aliyecheza alikuwa huyu, aliyeandika alikuwa huyu, sasa angalia. Ukificha kielelezo unamsaidia mtuhumiwa.

MWALIMU WA HISTORIA: Kwa Wajerumani nakubali, wavitazame hivyo. Ni chao. Sisi tuna sababu nyingine, na ninashangaa kwamba mpaka sasa hakuna aliyeitaja, ilhali mti wa kunyongea uko hapo juu tu ya mji. Juni 1892 wapiganaji wa Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, waliwashinda Wajerumani huko na kamanda wao, von Bülow, akafa. Mwaka uliofuata walirudi na nguvu kubwa zaidi. Tarehe 2 Machi 1900, kwa tuhuma za kula njama ya uasi, walimnyonga Meli pale Tsudunyi pamoja na viongozi wengine, wote 19. Familia imeshikilia miaka yote kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Sasa turudi kwenye sebule ya fundi. Watu wa Old Moshi wamekaa kwenye mkeka, wanamtazama Mjerumani mwenye huruma anayemwambia kila mfiwa: sitalala mpaka nijue nani alimuua mtu wako. Mfiwa yuko Munich. Na kwenye mkeka wamekaa wajukuu wa watu walionyongwa na Wajerumani. Hakuna mpelelezi aliyewahi kugonga mlango wao. Fundi, hilo haliumi?

FUNDI WA TELEVISHENI: Linauma. Lakini nikwambie ukweli, usiku ule hatukumwona Mjerumani. Tulimwona mtu anayesikiliza mama aliyefiwa.

MWALIMU WA HISTORIA: Ndiyo maana linaniuma zaidi.

ASKARI MSTAAFU: Mwalimu, umegusa pale ambapo sina utetezi. Mauaji ya Tsudunyi ni faili ambalo mpelelezi yeyote angejua pa kulishikia: mahali panajulikana, tarehe inajulikana, waliotoa amri wanajulikana, maiti haijakamilika. Ningekuwa Derrick ningeanzia kwenye makumbusho ya Ujerumani. Ningesimama mlangoni, niulize swali dogo, kisha ninyamaze.

MWANDISHI WA TAMTHILIA: Afande, umeniandikia mwanzo wa msimu wa kwanza bila kujua! Hilo ndilo ninalolilia siku zote. Mpelelezi wa Kiswahili tunaye tangu kitambo. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla alichapishwa mwaka 1960. Inspekta Wingo wa Faraji Katalambulla alianza kazi kwenye Simu ya Kifo mwaka 1965, miaka tisa kabla ya Derrick kuvaa koti lake. Walibaki vitabuni. Tumempa fundi antena, tukamwachia aelekeze Kenya, na Kenya ielekeze Ujerumani. Mji huu una chuo cha polisi, una mahakama, una mti wa Tsudunyi, una mlima ambao kila ukigeuza kamera unaingia kwenye picha wenyewe. Nipeni mpelelezi mwanamke wa hapa, ana miaka 40, anaongea na bibi kwa Kichaga, na mkuu wake wa upelelezi kwa Kiswahili cha ripoti. Analetewa kesi ya mpaka wa kihamba, masale yameng'olewa usiku. Anakwenda, anasikiliza, na kila anapochimba anakuta mfupa wa zamani zaidi. Kesi nyingine hazitafungwa. Nitaandika hivyohivyo: upelelezi haujakamilika.

FUNDI WA TELEVISHENI: Andika watu waongee mmoja mmoja.

ASKARI MSTAAFU: Na asipige mtu. Hata mmoja, hata akichokozwa. Ukiniletea hati yenye mpelelezi anayempiga mtuhumiwa akapata ukweli, nitairudisha, kwa sababu kijana wa miaka 19 atakuwa anatazama, na mwaka unaofuata atakuwa amevaa sare.

MWANDISHI WA TAMTHILIA: Hilo nakuahidi, mzee wangu. Na Derrick tumfanyeje? Mwalimu hajajibu swali lake mwenyewe la mwanafunzi.

MWALIMU WA HISTORIA: Nitawaonyesha kipindi kimoja darasani, kizima, bila kukatiza. Nitawaacha wampende kama tulivyompenda. Kisha nitawaeleza Tappert ni nani na Reinecker ni nani, na tutapanda kwa miguu mpaka Tsudunyi. Sitawaambia wahitimishe nini.

ASKARI MSTAAFU: Na wakiuliza hilo faili la mti limefikia wapi?

MWALIMU WA HISTORIA: Nitawaambia yanayojulikana. Kwamba Berlin yalichunguzwa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Kwamba wazao wa huku mlimani walitoa mate yao yapimwe vinasaba. Kwamba Septemba 2023 watafiti walitangaza kuwa wamepata ndugu wa baadhi ya marehemu hao, na mmoja ni Akida, mshauri wa Mangi Meli. Kwamba miezi miwili baadaye Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa katika vita vya Maji Maji. Fuvu la Mangi Meli halikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa.